Kabla hujakubali kuuza kalenda, piga hii hesabu

Katoni nne za kalenda zilikaa nyuma ya kochi langu karibu mwaka mzima. Ingekua vitabu au soksi ningesema sawa, ila kalenda, yaani kitu ambacho ikishafika katikati ya Januari hata umpe mtu bure anakuangalia tu. Kila nikifagia nazisogeza, nikimaliza nazirudisha, na kila nikizisogeza nakumbuka kile kikao cha kamati ya wazazi ambapo wote tulinyoosha mikono tukasema ndio, tuuze kalenda zenye michoro ya watoto wetu, nani atakataa kununua mchoro wa mwanae?

Mimi ndo nilikua mweka hazina. Cheo chenyewe sikuomba, nilitoka nje kupokea simu nikarudi nikakuta nimeshachaguliwa, ila sasa baada ya miaka mitatu ya kuchangisha pesa za shule ya msingi nina maneno ya kusema kuhusu hii kitu na nayaandika hapa kwasababu kila mwaka mzazi mpya ananiuliza yale yale.

Tuanze na zile kalenda. Kiwanda cha kuchapa kilikua na kiwango cha chini cha oda, huwezi kuchapa chini ya hapo, sisi tukaona sio shida tutauza zote. Hatukuchukua oda kwanza. Hilo ndo kosa lenyewe, mengine yote yalifuata humo humo. Kama tungetuma fomu nyumbani, mzazi ajaze anataka ngapi na alipe kabisa, tungejua tunachapa ngapi, na kama oda zisingefika kiwango tungerudisha pesa za watu tukaendelea na maisha. Badala yake tulilipa kwanza kwa pesa ya kamati alafu tukaanza kuhangaika na wanunuzi. Tukauza kama nusu, pesa ya kiwanda ikarudi, na juu yake kidogo sana. Tangu siku hiyo sheria yangu ni moja, kitu chochote cha kuuza oda zinakuja kwanza na pesa mkononi, mzigo baadae.

Sasa kuhusu makampuni yanayokuja shuleni na brosha nzuri zinazong'aa, ili watoto wachukue oda za bidhaa za kampuni na shule ipate sehemu ya mauzo. Anakuja kijana mmoja kavaa vizuri, anasema shule inabaki na "hadi asilimia 50". Hebu lisikilize hilo neno hadi. Kwenye mkataba wetu hiyo 50 ilikua ni ukivuka kiwango fulani cha mauzo, chini ya hapo ni 40, na sisi hatukuvuka. Kwa biashara za aina hii 40 mpaka 50 kwa mia ni kawaida kabisa, sisemi walitudanganya, nasema tulisoma herufi kubwa tukaacha ndogo.

Chukua mauzo ya 100, ya pesa yoyote unayotumia. Kampuni inachukua 60. Unabaki na 40. Zawadi za watoto waliouza sana, wewe ndo unalipia, toa 5. Wale walioagiza mzigo ukafika na hela hawatoi, wapo kila mwaka, toa 4. Mizigo iliyoharibika, usafiri, kuchapa fomu, toa 3. Imebaki 28. Yani yule shangazi aliyetoa 100 akijua anasaidia shule, shule imepata 28. Na hapo bado hujahesabu masaa, ambayo hakuna kamati niliyowahi kuona inayahesabu, sijui kwanini, labda kwasababu ni ya wanawake watano wale wale na hakuna anayewalipa.

Mimi niliyahesabu. Nilikaa na eksel usiku mmoja nikaandika kila kitu, kugawa fomu, kukusanya, kukumbusha kwenye grupu la WhatsApp, kukumbusha tena, kupanga mizigo ukumbini kwa jina la kila mtoto, kusubiri mzazi mmoja aliyesema anakuja saa kumi akafika saa moja usiku. Nikachukua faida nikagawa kwa masaa. Sitataja namba ila nilimuonyesha mwenyekiti wetu akakaa kimya, alafu akasema "si bora kila mmoja wetu angefanya ovataimu kazini kwake akaleta hiyo pesa". Tulicheka lakini alikua anasema kweli.

Kwahiyo ukiniuliza njia ipi inafaa, siulizi italeta kiasi gani. Nauliza vitu viwili, kati ya kila 100 anayotoa mtu ngapi inafika shuleni, na kila saa ya mzazi inaleta nini. Njia nyingi zinazosifiwa vikaoni zinaanguka kwenye swali la pili.

Ile iliyonishangaza kuliko zote ni rahisi mpaka inatia aibu. Mama mmoja wa mtoto wa darasa la pili alinishika getini siku ya kugawa fomu za mauzo, ana mtoto mgongoni na begi mbili mkononi, akaniambia "dada, niambie tu ni ngapi nitoe, nitoe, nikalale". Hakutaka katalogi wala zawadi, na kwenda kusumbua majirani hakutaka kabisa. Nikaipelekea kamati hayo maneno kama yalivyo na mwaka uliofuata tukaandika barua moja ya ukurasa mmoja: mwaka huu hatuuzi kitu, tunahitaji kiasi hiki kwa kazi hii, ukigawa kwa watoto wote ni kiasi hiki kwa mtoto, ukiweza zaidi asante, ukiweza kidogo asante, usipoweza hakuna atakayekuuliza. Tukaweka tarehe ya mwisho na namba ya akaunti. Basi. Pesa iliyoingia karibu yote ilibaki shuleni maana gharama ilikua makaratasi tu. Wengi hawakutoa, hiyo niseme ukweli, ila waliotoa walitoa zaidi ya faida ambayo tungepata kwenye ile brosha, na hakuna aliyekesha anapanga mizigo.

Ila barua ina sharti lake. Lazima useme pesa ni ya nini, na iwe kitu cha kushika. Ukiandika "kuboresha mazingira ya kujifunzia" mtu anasoma anaweka pembeni. Ukiandika rafu 6 za maktaba na vitabu vya watoto wanaoanza kusoma, mtu anaiona hiyo rafu. Na rafu zikifika piga picha, tuma kwa kila mtu hata ambaye hakutoa, hasa ambaye hakutoa.

Alafu kuna matembezi ya hisani, au mbio za mizunguko uwanjani, ambayo mimi naipenda kuliko zote japo ina jasho. Mtoto anatafuta wadhamini wake, babu, shangazi, rafiki wa baba kazini, wanaahidi, siku ikifika watoto wanakimbia na pesa inakusanywa. Gharama ni maji, chaki ya kuchora mstari na watu wa kuhesabu. Na watoto wanacheza, hata yule ambaye hajapata mdhamini anakimbia kama wenzake hakuna anayejua. Jambo moja tu tulilikosea mwaka wa kwanza, tuliruhusu ahadi ya kila mzunguko. Babu mmoja aliahidi vizuri tu kwa kila mzunguko akidhani mjukuu wake wa miaka saba atazunguka mara tano amechoka. Yule mtoto alizunguka mara 31. Tulimwona anapita tu, shati limetoka nje, kamba ya kiatu inaburuta, mwalimu anamwambia pumzika hataki, babu yuko kwenye kiti anahesabu kwa vidole na uso unabadilika taratibu. Alilipa, mungu ambariki, ila mwaka uliofuata hakuja. Na kwa wengine ilikua ni kufukuzana wiki nne baada ya mbio, sijui mtoto alizunguka ngapi, nani alihesabu, mbona kadi imefutika. Sahivi tunachukua kiasi kimoja na kinatolewa kabla ya siku ya mbio. Mizunguko tunahesabu kwa ajili ya watoto tu, tunawachorea mstari kwa maka peni kwenye kadi waliyovaa shingoni, wanapenda hiyo mistari kuliko medali.

Bahati nasibu nasema kidogo. Sehemu nyingi kisheria ni mchezo wa kubahatisha, kuna vibali, kuna umri wa anayeruhusiwa kuuza tiketi, kwahiyo kabla hujachapa hata tiketi moja uliza mamlaka ya pale ulipo. Kamati nyingi zinadhani ikiwa ya shule inasamehewa, sio lazima iwe hivo.

Tamasha la shule, michezo na maonyesho, watu wanalikumbuka miaka, ila kama unalifanya kwa ajili ya pesa peke yake utalia. Ukumbi, spika, turubai, zote hela, mvua ikinyesha ndo basi. Mi nalihesabu kama sherehe inayojilipia, ikizidi nashukuru.

Wafanyabiashara wa jirani nao, jamani, kila shule inawatembezea bakuli, na timu za mpira, na nyumba za ibada. Kitu kibaya ni wazazi watatu wa kamati moja kwenda kwa mtu mmoja wiki moja bila kuambiana. Ilitutokea. Mtu mmoja awe ndo anaomba, awe na orodha, na aombe mapema, maana wengi bajeti zao za misaada zinapangwa mwanzo wa mwaka na ukienda mwisho unakuta zimeisha. Na omba kitu badala ya pesa ikiwezekana, rangi kwa muuza rangi, mbao kwa muuza mbao. Kwake kina gharama ya kununulia, kwako kina thamani ya dukani. Pia waulize wazazi kama waajiri wao wana utaratibu wa kuongezea mchango wa mfanyakazi, yaani ukitoa 10 kampuni nayo inaweka 10. Makampuni mengi makubwa yanao na wafanyakazi wenyewe hawajui, ni fomu tu ya kujaza.

Turudi kwa watoto maana hapa ndo nina hasira kidogo. Zawadi za kuuza. Kwa mtoto wa darasa la kwanza anayeuza sio yeye, ni mama yake ofisini na baba yake kazini, kwahiyo zawadi inakwenda kwa mtoto ambaye wazazi wake wana watu wengi wenye hela. Siku ya kutoa zawadi niliona mtoto mmoja amekaa mstari wa mbele, anapiga makofi kwa kila jina, kila jina anajiandaa kusimama. Halikuitwa la kwake. Alikua hajauza hata kimoja ila alidhani kila mtu anapata. Nikarudi nyumbani nikasema hapana, kama tutatoa zawadi iwe ya darasa zima au ya shule nzima, tukifikisha lengo mwalimu mkuu aje na soksi zisizofanana siku nzima, watoto wanacheka wote na haigharimu kitu.

Ila kuuza kwa mikono ya watoto kuna historia yake pia na haikuanza vibaya. Wale Skauti wasichana wa Marekani wanaojulikana kwa biskuti, kundi la mwanzo lililorekodiwa ni la Muskogee, Oklahoma, mwaka 1917, walioka wenyewe nyumbani wakauza kwenye kantini ya shule ya sekondari. Viwanda viliingia miaka ya 1930. Mimi huwa nawaza hiyo ya kwanza, mtoto anaoka, anauza, anahesabu chenji, hapo kuna somo. Kubeba brosha ya kampuni kupeleka kwa jirani sijui anajifunza nini.

Pesa taslimu. Hii haina mzaha. Watu wawili wasio ndugu wanahesabu pamoja, pale pale, wanaandika, wote wanasaini, na pesa inakwenda benki siku hiyo au kesho yake asubuhi. Hakuna kulala na sanduku nyumbani hata kama wewe ni mtakatifu, maana siku moja itapungua kidogo kwa makosa ya kuhesabu na hutakua na shahidi. Akaunti iwe ya kamati, isiwe ya mtu, na iwe na saini mbili. Alafu toa ripoti hata kama hakuna anayeuliza: imeingia hii, imetoka hii, imebaki hii. Mwaka niliochelewesha ripoti miezi miwili maneno yalianza kwenye grupu, na hakuna aliyeiba kitu, mimi tu nilikua naumwa.

Na idadi. Tulikua na changisho sita kwa mwaka, watu wakianza kuniona mimi tu wanabadilisha njia. Sahivi mbili, barua mwanzo wa mwaka na mbio muhula wa pili, basi. Kuna mzazi mmoja kila kikao analeta wazo jipya na mengi ni mazuri kweli, namuuliza tu tunaondoa lipi ili hili liingie, anakaa.

Mbio ni jumamosi ijayo. Ninahitaji watu 20 wa kuchora mistari kwenye kadi na ninao 14, mmoja wao ni yule babu, amesema anarudi ila safari hii anakuja kuhesabu, sio kuahidi. Na zile kalenda zimebaki katoni moja, mwanangu anachora nyuma yake.