Bunduki mpya, kitako chenye makovu

Makovu yenyewe niliyaona saa tatu usiku, bunduki nikiwa nimeilaza juu ya taulo kwenye meza ya jikoni. Taa za dukani zilikuwa nyeupe, zinamulika kutoka juu. Ya jikoni kwangu iko pembeni, na mwanga wa pembeni hausitiri kitu. Nyuma kidogo ya kifyatulio, pale kiganja kinaposhika, palikuwa na mfuo wa urefu wa kidole gumba, umekula vanishi na kuingia ndani ya mbao. Nikaigeuza. Upande wa pili vijishimo vinne vimefuatana kwenye mstari mmoja. Chini, kwenye kisigino cha kitako, kipande kimemeguka, kidogo kama punje ya mchele.

Bunduki hiyo ilikuwa mpya. Nilikuwa nimeilipia pauni 620 mchana wa siku ile ile, fedha za zamu za usiku katika nyumba ya wazee ninapofanya kazi, nilizoziweka kidogo kidogo kwa karibu mwaka mzima.

Najua nikisema bunduki, walioko nyumbani Tanzania wanashtuka. Hii ni bunduki ya upepo. Haina baruti. Springi au hewa iliyoshindiliwa ndiyo inayosukuma kirisasi cha milimita 4.5 au 5.5. Hapa Uingereza na Wales mtu mwenye miaka 18 anainunua bila kibali, mradi nguvu yake isizidi futi-pauni 12, yaani kama joule 16. Uskochi ni tofauti, kule tangu mwisho wa 2016 lazima uwe na cheti cha polisi. Mimi naishi Lincolnshire, mashamba ya kabichi na viazi mpaka macho yachoke, na kila Jumapili tunakutana msituni kulenga vibao vya chuma vyenye umbo la sungura na njiwa. Kibao kina tundu dogo, nyuma ya tundu kuna kidude cha rangi. Ukikipiga, kibao kinaanguka. Ukigusa pembeni ya tundu, kinabaki kimesimama na kila mtu amesikia mlio. Kwa mtu anayelala mchana na kufanya kazi usiku, saa tatu za Jumapili chini ya miti zimenisaidia kuliko dawa yoyote.

Lakini sikuipenda bunduki ile kwa sababu ya shabaha peke yake. Niliipenda kwa sababu ya mbao.

Mimi ni mtoto wa Keko, Dar es Salaam. Baba yangu ni fundi seremala, na nimekulia kwenye vumbi la mninga. Kabla sijajua kusoma nilijua kupitisha kiganja juu ya ubao kutafuta mahali randa iliporuka. Kwa hiyo nilipoingia kwenye duka la bunduki mara ya kwanza, miaka mitatu iliyopita, kilichonisimamisha mlangoni hakikuwa mitutu. Zilikuwa mbao. Vitako vya mjozi (Waingereza wanauita walnut) vyenye mawimbi meusi na kahawia, na vitako vya bichi (nina maana mti wa Ulaya, si mbao mbichi) vilivyopakwa rangi ya asali. Weihrauch, Wajerumani waliopo tangu 1899, wanatengeneza. Air Arms wa kule Sussex wanatengeneza. Italia kuna kampuni inaitwa Minelli ambayo kazi yake kubwa ni vitako, na bunduki nyingi zenye majina ya watu wengine zinavaa mbao zao. Hapa neno kitako nalitumia kwa mbao yote, kuanzia inapoegemea bega mpaka chini ya mtutu. Mara nyingi bunduki ni ile ile, chuma ni kile kile, lakini ukitaka ya mjozi badala ya bichi unaongeza pesa nzuri tu. Kwa hiyo mnunuzi analipia mbao, kwa hesabu iliyoandikwa kwenye kibandiko cha bei. Na mbao hiyo ndiyo inayoharibiwa dukani kabla hajaifikisha nyumbani.

Nilirudi dukani siku ya pili bila bunduki, nikasimama mbele ya rafu na kuangalia tu. Nusu saa. Bunduki kumi na tano zimesimamishwa pamoja kama vijiti vya kiberiti. Kisigino cha kila moja kiko juu ya zege tupu. Waya wa chuma wa kusuka unapita ndani ya ile pete inayolinda kifyatulio, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, kisha kufuli. Sina ugomvi na kufuli. Ni duka la bunduki, lazima ifungwe. Ila waya ule ulikuwa mtupu, hauna hata mpira juu yake. Mteja akiomba aione ya saba, kijana wa duka anauchomoa waya kwa kuuvuta, shwaa, unapita kwenye mbao za bunduki sita zilizotangulia. Akimaliza anaurudisha vile vile. Mara ngapi kwa siku? Mfuo wangu wa nyuma ya kifyatulio nikawa nimeujua ulikotoka.

Vijishimo vinne navyo nikavijua. Bunduki jirani ilikuwa na kijipete cha chuma cha kufungia mkanda, kimechomoza chini ya kitako. Kila ikirudishwa kwenye rafu inajigonga kwa mwenzake, mahali pale pale. Na kibandiko cha bei kilikuwa kimefungwa kwa ile kamba ya plastiki isiyofunguka mpaka uikate, na aliyeikata aliacha ncha kali kama wembe, ikining'inia juu ya vanishi. Karibu na dirisha kulikuwa na moja ya mjozi ambayo jua limeipausha upande mmoja. Niliposogeza kibandiko chake, chini yake pana mraba wa rangi ya zamani, kama alama ya picha iliyoondolewa ukutani.

Niliumia. Nasema hivyo bila kuona haya, kwa sababu nilijua kila hatua ya kazi ile. Kuna mtu alichagua gogo, akaliacha likauke kwa subira, akalipasua kwa kufuata nyuzi ili shingo ya kitako isije ikavunjika, akalichonga, akalipiga msasa mpaka likawa kama shavu la mtoto, akachora nakshi za kukatana pale mkono unaposhika. Kisha likasafirishwa ndani ya sponji kwenye boksi, likafika salama. Likaharibikia kwenye hatua ya mwisho, mikononi mwa mtu anayelipwa kwa kuliuza.

Mtaa huo huo, milango minne mbele, kuna duka la vyombo vya muziki. Wana klarineti ya mpingo, na mpingo ni wetu, unatoka Kilwa na Lindi kusini huko. Ipo ndani ya kabati la kioo, imelala kwenye kitambaa cha mahameli. Mpingo ni mgumu mno, ukiugonga unaweza kuitika kama chuma. Mti mgumu umelazwa kwenye mahameli. Bichi, ambayo ni laini kuliko mpingo kwa mbali, imesimama juu ya zege na waya shingoni.

Sasa mtaniuliza: wewe mtoto wa seremala, hukuona wakati unanunua? Hilo ndilo hasa lililonifanya niandike, kwa sababu nadhani wengi wetu huku tunalifanya. Sikukagua. Mtu mweusi pekee dukani, nimeshika bunduki, wateja wawili wamenyamaza nyuma yangu. Hakuna aliyeniambia neno baya. Ila nilijisikia kwamba nikiigeuza-geuza sana, nikiipeleka dirishani kuitazama, wataona nina shida fulani. Kwa hiyo niliiweka begani mara moja, nikasema nimeipenda, nikatoa kadi. Na ndani yangu kulikuwa na lile wazo tulilotoka nalo nyumbani, kwamba Ulaya kitu kikiandikwa kipya basi ni kipya. Kariakoo nisingenunua hata feni bila kufunguliwa boksi na kuchomekewa umeme mbele yangu.

Siku ya tatu niliipeleka. Mwenye duka alivaa miwani, akaitazama, akasema, "Hizo ni alama za kushikwa tu, bwana. Haziathiri shabaha." Ni kweli haziathiri. Nikamwambia sikuja kwa sababu ya shabaha. Sheria ya haki za walaji ya 2015 inasema bidhaa iwe na ubora wa kuridhisha, na katika ubora huo inataja mwonekano, umaliziaji, na kutokuwa na kasoro ndogondogo. Ukiikuta na kasoro una siku 30 za kuirudisha na kudai fedha zako. Kuna mtego, na naomba muukumbuke: kasoro ukiwa umeonyeshwa kabla ya kununua, au uliikagua mwenyewe na ukaguzi ule ulipaswa kuifichua, dai linakufa. Mimi niliishika, hilo hakulisahau. Nilisema nilipewa kwenye kaunta kama mpya, kwa bei ya mpya, hakuna aliyesema ilikuwa ya maonyesho.

Nyingine kama ile hakuwa nayo. Na bunduki ya upepo si kitu cha kuagiza mtandaoni ikaletwa na posta. Tangu 2007 mfanyabiashara lazima aikabidhi ana kwa ana, yeye au mwakilishi wake. Duka jingine lenye aina ile lilikuwa zaidi ya maili 70. Tukamalizana kwa yeye kunirudishia pauni 60, mimi nikabaki na bunduki. Hakunitukana, na sikuona kama ni mtu mbaya. Ila aliendelea kusema "alama za kushikwa", na mimi niliendelea kuwaza kwamba bunduki lazima ishikwe, mtu atajuaje kama urefu unamfaa bila kuiweka begani? Ishikwe. Ya kushikwa iwe moja, iandikwe hivyo na ipunguzwe bei, na ya kuuza itoke kwenye boksi.

Jioni nikampigia baba kwa video.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nionyeshe hilo kovu." Nikasogeza simu. Akakaa kimya, kisha akauliza, "Nyuzi zimekatika au zimelala?"

Hilo ndilo swali. Mbao ikigongwa, nyuzi zinabonyea na kulala, lakini bado zipo. Ukizipa mvuke zinavimba na kuinuka. Zikikatwa, mvuke hauna cha kuinua. "Vijishimo vitainuka," akasema. "Huo mfuo, sijui. Toa chuma chote kwanza. Usipige pasi juu ya vanishi, itakuwa nyeupe kama ukungu."

Nikafungua skrubu, nikatenganisha mbao na chuma. Nikakwangua vanishi pale palipoumia, taratibu, kwa msasa laini. Nikalowesha kipande cha shuka la pamba, nikakikamua, nikakikunja mara mbili juu ya kijishimo cha kwanza, na kugusisha ncha ya pasi ya moto. Tsss. Hesabu mpaka tano, ondoa. Harufu ya mbao yenye moto ikajaa jikoni, na kwa kitambo nilikuwa Keko, mvua imenyesha na maranda yamelowa. Mara ya tatu kijishimo kilikuwa kimejaa. Sikuamini, nikafumba macho nikapitisha kidole, hakuna kitu. Vyote vinne viliinuka hivyo.

Mfuo wa waya uligoma. Niliupa mvuke mara kumi, kingo zikapanda kidogo, lakini katikati palibaki pamechimbika. Nyuzi zilikuwa zimekatwa. Nikaacha ikauke siku mbili, nikapiga msasa namba 400, kisha mafuta ya kitani, tone moja moja, nikisugua kwa kiganja mpaka kipate joto, siku baada ya siku kwa wiki nzima. (Kitambaa chenye mafuta ya kitani usikikunje na kukitupa kwenye pipa, kinaweza kupata joto chenyewe na kuwaka moto. Kitandaze nje kikauke.) Rangi ilipoiva, mjozi ule ukawa na kina ambacho vanishi ya kiwandani haikuwa imeonyesha. Nikiishika sasa, kidole gumba kinaangukia juu ya mfuo chenyewe.

Kabla ya kurudi tena dukani nilinunua mita mbili za kitambaa kinene cha sufu, kama kile cha meza ya puli, na mpira mwembamba wa bomba la kupitishia waya. Vyote havikufika pauni 20. Nikaviweka juu ya kaunta, nikamwambia mwenye duka baba yangu ni seremala na angependa aone vimetumika. Sikujua atalichukuliaje. Alikigusa kile kitambaa, akakikunja vizuri, akaniuliza baba yangu anafanyia kazi mbao gani. Tukazungumza juu ya mninga kwa dakika kumi, mpaka mteja akaja.

Jumamosi iliyopita nilipita kununua virisasi. Waya umevishwa mpira wote, mwanzo hadi mwisho. Zege la rafu ya chini limefunikwa kwa kitambaa, kimegundishwa kikakatwa vizuri kwenye kona. Rafu ya juu bado, kitambaa hakikutosha. Nimepima: inahitaji mita moja na nusu.