Buti za Gikomba na penseli ya mtoto

Kila mtu Nakuru alikuwa na ushauri nilipoanza kuimba kantri, muziki wa Marekani wa magita na kofia pana: "Nunua kofia na buti, mengine yatajileta." Nikapanda matatu hadi Gikomba, soko la mitumba Nairobi, nikapata buti za ncha, saizi moja chini ya mguu wangu, kwa elfu moja na kitu. Muuzaji akaapa kwamba ngozi ingelegea.

Haikulegea. Usiku wa kwanza, katika baa ambayo sitaitaja jina, nikaanza wimbo wa Jim Reeves, nyota wa kantri wa Marekani. Kufikia ubeti wa pili vidole vinawaka, nami nimebana koo nikiitafuta ile sauti nzito. Mzee mmoja wa meza ya mbele akaniita: "Kijana, unaumwa?" Ukumbi ukaangua kicheko. Nilimaliza shoo na soksi.

Baadaye ndipo nikajua Reeves mwenyewe alikuwa akipaza sauti mwanzoni. Ni mwaka 1957, kwa "Four Walls", aliposogeza midomo ikakaribia kugusa maikrofoni, akaimba polepole. Nikamwiga. Kila "p" ikapiga bum! Nikaielekeza maikrofoni pembeni kidogo, ikatulia.

Lakini ufunguo wa sol ulikuwa chini mno kwa koo langu, na kapo, kile kibanio cha kubana nyuzi za gita ili sauti ipande, sikuwa nayo. Nikachukua penseli ya mwanangu, nikailaza juu ya nyuzi nyuma tu ya freti (kile kijiti cha chuma shingoni mwa gita) ya pili, nikaikaza ncha zote mbili kwa mipira ya kufungia noti. Vidole vinashika sol, gita linatoa la. Uzi mwembamba ukawa unalia kama nyuki. Nikasokota risiti ya soda, nikaichomeka chini ya penseli. Kimya! Usiku ule nilijiona injinia.

Wengine walinipigia kelele kwamba kantri ni ya wazungu. Charley Pride, mweusi wa Mississippi, alikuwa mtumbuizaji bora wa mwaka 1971 wa CMA, chama cha muziki wa kantri Marekani. Na hata banjo asili yake ni Afrika. Sikubishana sana, nikatunga wimbo kuhusu baba na viazi vyake vya Molo, dalali akimpimia kwa gunia la lumbesa, lile lililoongezwa kimo kupita kipimo. Yule mzee wa meza ya mbele aliomba niurudie mara tatu, na akaninunulia soda.

Buti nilimuuzia mpiga mugithi mmoja, ule muziki wa gita wa Wakikuyu, kwa hasara. Juzi nilimwona jukwaani akichechemea.