Vidole vya Bibi

Januari 2020 kila mtu alikuwa kwenye foleni. Laini za simu zilitakiwa zisajiliwe kwa alama za vidole. Mwisho ulikuwa 31 Desemba, ukasogezwa hadi tarehe 20 Januari, na bila namba ya kitambulisho cha taifa husajiliwi. Bibi yangu alikuwa na kisimu cha batani, kioo kimepasuka, betri imefungwa kwa mpira. Kazi yake ilikuwa moja tu, kumpigia mdogo wake aliyeko Masasi kila Ijumaa baada ya swala. "Wakinikatia hii," aliniambia, "bora wanikate ulimi."

Tukatoka Mingoyo na gari la kwanza. Lindi mjini tulifika bado kuna kigiza, tukakuta watu wameshapanga mawe na makopo kushika nafasi zao. Bibi akacheka. "Mambo ya sukari yamerudi." Akaketi kwenye kigoda alichokuja nacho, na korosho zake kwenye pindo la kanga.

Zamu yetu ilifika jua likiwa utosini.

"Shikamoo, bibi," akasema kijana wa kwenye kompyuta.

"Marahaba, mume wangu."

Miaka yote mume wake nilikuwa mimi. Nikanyamaza.

"Umezaliwa mwaka gani?"

"Mwaka siujui. Kimbunga kilipopita nilikuwa nimeshavunja ungo, mahari bado haijaletwa."

Kijana akainamia kibodi. Kwa lafudhi yake hakuwa mtu wa kusini. "Kimbunga kipi hicho, bibi?"

Angejua asingeuliza, maana hadithi hiyo sisi tuliisikia kila masika. Baba yake alikuwa amerudi kutoka Nachingwea, kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kufa 1951. Mshahara wa huko aliununulia bati. Bati zilikuwa zimeegeshwa ukutani zikisubiri fundi, na nyumba bado ni ya makuti. Upepo ulipoingia, paa liliondoka zima zima kama kawa juu ya chakula. Kinu cha mama yake kilibiringika hadi kwa jirani. Minazi ililala yote ikielekea upande mmoja. Yeye alijiingiza chini ya kitanda cha kamba na mdogo wake, akamkalia asipeperuke. Kulipokucha, bati hakuna. Nyumba ilijengwa tena, minazi ikapandwa mingine, lakini zile bati Bibi alizililia mpaka uzeeni, kila akisikia mtu anapaua.

Foleni nzima ilikuwa imesogea kusikiliza. Nikatafuta kwenye simu yangu, nikamwonyesha kijana: kimbunga kilipiga Lindi tarehe 15 Aprili 1952. Akahesabu kwa vidole. "Tuseme ulikuwa na miaka kumi na minne?" Bibi akasema mwandikie hiyo hiyo. Ikaandikwa 1938, na siku akaichagua kijana mwenyewe.

Tukadhani tumemaliza. Kumbe kazi ndiyo inaanza.

Bibi akaweka kidole gumba kwenye kioo cha mashine. Mashine ikakataa. Cha shahada, ikakataa. Kijana akafuta kioo, akafuta kidole kwa kitambaa chenye maji, akambonyeza kwa nguvu mpaka kucha ikawa nyeupe. Wapi! Mkono wa kushoto ndiyo kabisa, kama vile amebandika kijiti. "Bibi, vidole vyako havina alama," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeona jambo la kuogopesha.

Nami nikaviangalia, nadhani kwa mara ya kwanza. Nilikula kwa vidole hivyo tangu sina meno. Ncha zake zilikuwa zinang'aa, nyororo, hazina mstari hata mmoja. Bibi alibangua korosho miaka zaidi ya hamsini. Unazikaanga kwenye bati lililotobolewa mpaka ziwake moto, unazimwagia mchanga, kisha moja moja unaishika kwa mkono wa kushoto na kuigonga kwa kigongo. Mafuta ya ganda yanababua ngozi, ngozi inachubuka, inaota nyingine, nayo inababuka. Ada zetu za shule zilitoka humo. Alipofariki, mama yangu alikuwa miongoni mwa waliomwosha, na akatoka akisema vidole vya mama ni laini kama vya kichanga.

"Jaribu hiki," Bibi akamwambia kijana, akanyoosha kidole cha mwisho cha mkono wa kulia. "Hiki kilikuwa kinakaa bure."

Mashine ikalia. Watu wakapiga makofi. Bibi akafungua pindo, akamwachia kijana korosho gao moja.

Laini ikasajiliwa kabla ya tarehe 20. Ijumaa ile akampigia mdogo wake, spika imefunguliwa kama kawaida yake.

"Mimi wameniandika 1938! Wewe je?"

Bibi mdogo naye alikuwa ameshaandikwa huko Masasi. "1936," akasema.

Bibi alibaki mdomo wazi. "Wewe? Nilikukalia chini ya kitanda usipeperuke, leo uwe dada yangu?"

Kimya kidogo. Kisha kutoka kwenye kile kisimu kilichopasuka ikatoka sauti kavu, ya taratibu:

"Basi niamkie."