Nilivyopoza tangi la samaki wa Tanganyika kwa dispensa kuukuu ya maji

Samaki wa Ziwa Tanganyika hawakuumbiwa maji ya nyuzi 31. Kwao Kigoma, maji ya juu ya ziwa hukaa kwenye nyuzi 25 hadi 27 sehemu kubwa ya mwaka. Mimi naishi Dar es Salaam, na msimu wa kaskazi ukiingia, tangi langu la lita 100 lilikuwa linapanda hadi 31 na ushee kila alasiri. Maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo, na wakati huohuo mwili wa samaki unadai oksijeni zaidi. Tena maji ya Tanganyika yana pH (kipimo cha asidi na alkali) ya juu, inayokaribia 9, na kwenye maji ya namna hiyo amonia, taka inayotoka kwa samaki wenyewe, hata kidogo tu huwa sumu, joto likiongezeka ndiyo kabisa. Neolamprologus brichardi wangu, samaki ambao kazi yao ni kukaa mapangoni kwenye mawe, walikuwa wanashinda juu wakihema.

Feni juu ya maji inasaidia sana sehemu kavu kama Dodoma. Dar hewa yenyewe imejaa unyevu, maji hayapati pa kuvukia, kwa hiyo niliambulia nyuzi moja hivi. Chupa za barafu zinashusha joto haraka, kisha linapanda tena, na huko kupanda na kushuka kunawachosha samaki kuliko joto lenyewe. Mashine maalumu ya kupoza matangi huagizwa kutoka nje, na bei yake ilinishinda.

Nikapiga hesabu. Kushusha lita 100 kwa nyuzi 4 ni kuondoa kilojuli 1,700 hivi, yaani karibu nusu uniti ya umeme. Hiyo ni kazi ya mara moja. Mzigo hasa ni joto linaloingia bila kukoma kupitia vioo, taa na pampu. Ndiyo maana nilianza na povu jeupe gumu, lile linalofungiwa televisheni. Nilibandika nyuma, ubavuni na chini ya tangi, nikaacha kioo cha mbele tu. Taa nikaweka za LED na nikalisogeza tangi mbali na ukuta unaopigwa na jua la magharibi. Bila hatua hiyo, mashine ndogo haiwezi kushinda.

Mashine yenyewe ni dispensa ya maji ya kusimama, niliyoipata kwa fundi friji wa mtaani. Lazima iwe ya kompresa, yaani inayopoza kwa gesi kama friji. Nyingi za bei nafuu zinapoza kwa kibati kidogo cha umeme, na hizo hazifai kwa kazi hii. Ya kompresa utaijua kwa uzito wake na wavu mweusi mgongoni. Uzuri wake ni kwamba ndani ina kikopo cha stenlesi kama cha lita tatu, na mrija wa gesi umezungushwa kwa nje. Maji ya samaki hayagusi shaba, na shaba inaua konokono na kamba upesi, hata samaki ikizidi. Kuzungusha mpira wa plastiki ndani ya friji sikukutaka, kwa sababu plastiki inapitisha joto kwa shida.

“Dada, mfumo wa gesi usiuguse,” fundi aliniambia. “Ukiukata tu, umenunua kazi nyingine.” Hatukuugusa. Tulichomoa kabisa waya za upande wa maji ya moto, tukasafisha kikopo kwa siki na kukisuuza mara nyingi.

Kikopo hicho kiko wazi juu, kwa hiyo ukikiweka chini ya usawa wa tangi, nyumba inafurika. Tangi langu liko kwenye meza fupi, na kikopo kiko juu kuliko usawa wa maji ya tangi. Pampu ndogo inapandisha maji, nayo yanarudi yenyewe kwa mpira uliofungwa pale palipokuwa na koki ya baridi. Mpira huo niliupandisha kwanza hadi karibu na ukingo wa kikopo ndipo ukashuka, na pale juu nikatoboa tundu la hewa, ili kikopo kibaki kimejaa na maji yaguse ukuta wote wa baridi. Pampu niliitundika sentimita chache tu chini ya uso wa maji. Mpira ukiziba, kitakachomwagika ni lita chache na samaki watabaki na maji yao.

Kuwasha na kuzima nimeiachia STC-1000, kidhibiti kidogo cha joto kinachouzwa Kariakoo, sensa yake ikiwa ndani ya tangi. Nimekiweka nyuzi 26.5. Kina mpangilio wa kuichelewesha kompresa dakika kadhaa kabla ya kuwaka tena, na umeme ukikatika na kurudi hapohapo, huo ndio unaoiokoa. Thamostati ya dispensa yenyewe hatukuitoa. Tumeiunga mfululizo na kidhibiti, umeme ukipita kwa zote mbili, ili pampu ikifa, thamostati ikate kabla kikopo hakijaganda. Waya wa ardhi ni lazima, nasema hili kwa mkazo, kwa kuwa mkono wako utaingia kwenye maji hayo.

Tuliwasha alfajiri, maji yakiwa yamepoa yenyewe, kompresa isianze na mzigo wa mchana. Joto lote linalotolewa kwenye maji hutokea mgongoni mwa dispensa pamoja na la umeme wake, kwa hiyo mgongo unatazama dirisha na kuna feni inaupuliza.

Sasa hata alasiri kali maji hayavuki nyuzi 27.5. Kompresa inafanya kazi kama nusu ya siku, karibu uniti moja kwa siku. Brichardi wamerudi mapangoni na wametaga. Vifaranga wa uzao wa kwanza wamekua, na sasa wanawalinda wadogo zao, kama wafanyavyo ziwani.

Kwa tangi la lita 300 nisingejaribu dispensa, mzigo utaizidi. Fundi anasema hapo tutafute kompresa ya AC ya dirishani na koili ya titani, na ameshaanza kuniulizia bei.