Siku moja maishani mwangu: digrii, dakika na sekunde

Saa 2 asubuhi. Nafungua faili la leo. Safu ya viwianishi, yaani namba zinazoonyesha mahali duniani, imejazwa na watu wengi, kila mmoja na mtindo wake. Huyu kaandika 6°48′36″ S, yule S 6 48.6, mwingine -6,81 kwa mkato badala ya nukta. Wote wanataja latitudo ileile.

Saa 3. Kazi yangu ni kuzigeuza zote kuwa digrii za desimali. Hesabu yenyewe haina makuu: dakika gawanya kwa 60, sekunde kwa 3600, jumlisha na digrii. 6 + 0.8 + 0.01 ni 6.81. Kusini na magharibi huwa hasi. Kwenye Python, lugha ya kuandikia programu, ni mistari michache tu.

Saa 4. Alama sasa. Duara dogo la digrii lina pacha wake: ° ni U+00B0 (namba yake kwenye Unicode, orodha ya herufi za kompyuta), lakini º ni U+00BA, ambayo Kihispania na Kireno huitumia kwenye namba za mpangilio. Jicho halioni tofauti, programu inaiona. Dakika nazo huja kwa ′ au ' au ’. Zote nazigeuza kuwa nafasi tupu kabla ya kutafuta tarakimu. Herufi za mwelekeo je? O ya Kifaransa ni Ouest, magharibi. Ya Kijerumani ni Ost, mashariki! Hapo programu isikisie, iutenge mstari.

Saa 7. Chakula, harakaharaka.

Saa 8. Huu ndio mstari niliokuwa nausubiri: -0 30 0, nusu digrii kusini mwa ikweta. Ukiigeuza "-0" kuwa namba kamili unapata 0, hasi imeyeyuka, na mahali kwenye ramani panahamia kaskazini, kilomita 111 hivi kutoka panapostahili. Programu hailalamiki hata kidogo. Kwa hiyo hasi naisoma kama herufi, naiweka pembeni, nakokotoa kwa namba chanya, kisha naizidisha mwishoni.

Saa 10. Ukaguzi: latitudo isivuke 90, longitudo 180, dakika na sekunde zisifike 60. Nabakiza desimali 5, ambazo kwa latitudo ni kama mita moja. Sekunde nzima ni karibu mita 31, kwa hiyo anayetaka desimali 12 anajipamba tu.

Saa 11. Natoa faili la GeoJSON, muundo wa data za ramani, longitudo ikitangulia. Mistari yenye O nimewarudishia walioikusanya, waseme ni lugha gani.