Kadi namba 7 na kadi namba 33

Mwaka 2014 nilizunguka Nairobi na kadi 40 ndani ya bahasha ya kaki. Kila kadi ilikuwa mwombaji wa kubuni wa kazi ya ukarani wa ghala, mwenye mambo matano tu: alama za jaribio la kuhesabu bidhaa, miaka ya uzoefu, daraja la cheti, barua ya mwajiri wa zamani, na kama kuna mfanyakazi wa ndani aliyemleta. Majina sikuyaweka. Hapa kwetu jina humtangazia mtu kabila kabla hajafungua mdomo.

Mwalimu wangu wa uzamili ndiye aliyenifundisha kazi hii. Mwajiri akikwambia anapima nini, unaandika, lakini huishii hapo. Unampa waombaji wengi awatie alama, kisha kwa hesabu ya rigresheni unatafuta ni jambo gani hasa lililozipandisha au kuzishusha. Alinisomesha utafiti wa Lewis Goldberg wa 1970, aliyechukua maamuzi ya wanasaikolojia 29 wa Marekani, akaunda fomula kutokana na maamuzi ya kila mmoja, na mara nyingi fomula ikapatia kuliko mtu aliyeizaa. Nilikataa kuamini.

Niliamini nilipofika Eneo la Viwanda, katika kiwanda kimoja cha sabuni. Meneja wa wafanyakazi, mama wa makamo, alinipokea kwa chai ya maziwa katika ofisi iliyo juu ya ghala. Kwanza nilimwomba agawe pointi 100 kwa yale mambo matano. Jaribio akalipa 50. Aliyeletwa na mtu wa ndani, 5.

“Hapa hatuajiri kwa kujuana, kijana,” aliniambia, kalamu mkononi.

Kisha akaanza kadi. Simu ililia mara mbili, dereva akaingia kulalamikia marupurupu, chai yake ikapoa. Alimaliza baada ya saa moja na nusu.

Nilirudi baada ya wiki mbili, kwa maana nilikuwa nimemwahidi matokeo yake mwenyewe. Nikaweka kadi mbili mbele yake. Namba 7 alikuwa ameipa 8 juu ya 10. Namba 33 aliipa 5. Aliteremsha kidole mstari kwa mstari, huku na huku, akarudia tena.

“Huyu si ni yule yule?”

“Ndiye, mama. Niliwarudia wanne kwa siri namna hiyo.”

Alinyamaza. Fomula haiitwi na simu, wala haichoki ikifika kadi ya 33. Hapo ndipo nilipomwelewa Goldberg.

Nikamwonyesha na mizani yake, yaani uzito ambao alama alizotoa zilionyesha anaupa kila jambo. Kuletwa na mtu wa ndani kulikuwa kumelishinda jaribio. Nilijiandaa kufukuzwa, lakini alinisimulia habari ya karani mmoja wa zamani, mwenye alama za juu kuliko wote, aliyeuza bidhaa usiku hadi rafu zikabaki tupu. “Anayeletwa na mtu wangu,” alisema, “ana mtu wa kumwonea haya.”

Ilikuwa sababu ya kweli, na siku zote nimemheshimu kwayo. Ila yeye mwenyewe hakujua ina uzito kiasi gani, na waliokuwa nje hawakujua kabisa. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye malango kama yale mwaka 2009, asubuhi baada ya asubuhi, vyeti kwenye mfuko wa nailoni, nikidhani tatizo ni alama zangu. Sikuwa na wa kunileta.

Alisogea dirishani. Chini, langoni, vijana kama kumi walikuwa wamechuchumaa kivulini.

“Ijumaa nina usaili wa makarani wawili,” akasema. “Wataanza na jaribio. Alama ziandikwe kabla sijaambiwa nani kamleta nani.”

Nilipokusanya kadi zangu, aliizuia namba 33 kwa kiganja. “Hii niachie.” Akainua kioo cha meza, akaitia chini yake, kando ya kalenda.