Zeze karibu na Soko Kuu, Iringa
Jana tulianzia Kalenga, kwenye fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, halafu tukarudi mjini kuzurura tu bila haraka. Karibu na Soko Kuu tukamkuta mzee anapiga zeze. Jamani, yule mzee anajua! Uta umechakaa, lakini vidole vinakimbia kwenye nyuzi na njuga za mguuni zinashika mapigo. Mama muuza ndizi akaacha biashara yake akawa anaitikia. Pembeni kulikuwa na vijana wa sarakasi, wazuri pia, ila mimi sikubanduka pale. Ukipita Iringa usiwaache wasanii hawa mikono mitupu, wanastahili kabisa. Nikatia hela kwenye kofia: "Shikamoo babu, tupigie tena." "Marahaba mjukuu wangu," akaanza wimbo mwingine, mrefu kuliko ule wa kwanza.